MANGANAITI: VIUNGO NI VILE VILE, MAPISHI NDIYO MBALIMBALI

Najua kurasa hizi umezizoea kwa mashairi, vitendawili na hadithi za majitu. Leo naomba nikupeleke mahali ambapo Kiswahili hakitembelewi sana, yaani ndani ya tanuri la mwanasayansi. Usiogope. Mengi nitakayoyasema umekwisha kuyaona jikoni kwenu.

Nianze na kisa kilichonifanya nishike kalamu. Muhula mmoja mwalimu wetu wa Kemia alitupa kazi ya kutengeneza fuwele za salfeti ya shaba, zile za buluu. Tuligawanywa katika makundi. Kila kundi lilipewa unga ule ule, maji yale yale na vipimo vile vile. Siku ya kuonyesha matokeo, kundi letu lilitoa fuwele kubwa kama punje za mahindi. Wenzetu wa meza ya pili walitoa kitu kama chumvi ya mezani. Lo! Kelele zikaanza. "Hawa wameiba za mwaka jana kabatini!" "Nyinyi ndio mliokosea vipimo!" Mambo yalikaribia kuharibika, kwani kuitwa mwizi mbele ya darasa si mchezo.

Mwalimu hakuuliza nani mwizi. Aliuliza swali moja tu: "Mmeandika nini kwenye sehemu ya utaratibu?" Tukafungua madaftari. Kila kundi lilikuwa limeandika maneno mawili: "Tuliyeyusha, tukapoza." Kumbe sisi tulifunika bika yetu tukaiacha ipoe polepole usiku kucha. Wao waliitumbukiza yao kwenye beseni la maji baridi ili wawahi chakula cha mchana. Fuwele zinazopoa polepole hupata nafasi ya kukua, na zinazopozwa ghafla hubaki ndogo. Hakuna aliyekuwa mwongo wala mwizi. Kilichokosekana ni maelezo.

Mwalimu akacheka, akasema kwamba hata watu wazima wenye shahada zao wamewahi kusumbuliwa na jambo hilo hilo kwa miaka mingi, hasa wale wanaoshughulika na vitu viitwavyo manganaiti. Neno hilo lilinikaa kichwani. Nikaenda maktaba, nikamsumbua mwalimu, nikasoma. Haya ndiyo niliyoyapata.

SANDUKU LENYE JINA LA MRUSI

Mnamo mwaka 1839, Mjerumani Gustav Rose alichunguza jiwe lililotoka milima ya Ural nchini Urusi. Akaliita perovskaiti kwa heshima ya Lev Perovski, Mrusi mwenye cheo aliyependa kukusanya madini. Jiwe hilo lilikuwa na kalsiamu, titaniamu na oksijeni. Baadaye ilibainika kwamba jinsi atomu zake zilivyojipanga ndivyo zilivyojipanga katika vitu vingine vingi sana. Basi jina la jiwe moja likawa jina la ukoo mzima.

Mpangilio wenyewe ni huu. Chora sanduku dogo lenye pande zote sawa. Kwenye kila pembe kati ya zile nane weka atomu kubwa. Katikati kabisa weka atomu ndogo ya metali. Kisha katikati ya kila uso wa sanduku weka oksijeni moja. Zote ni sita. Hapo ile metali ya katikati imezungukwa na oksijeni kama nyanya aliyezungukwa na wajukuu jioni. Panga masanduku hayo kwa mamilioni, ubavu kwa ubavu, nawe umepata fuwele. Upana wa sanduku moja ni kama nanomita 0.39 tu. Nanomita ni milimita moja iliyogawanywa mara milioni moja, kwa hivyo usitafute rula yako.

Ukiweka manganizi katikati na lanthanamu pembeni, unapata manganaiti ya lanthanamu, ambayo fomula yake ni LaMnO3. Manganizi unaijua: oksidi yake ndiyo ule unga mweusi tunaoutumia maabarani kuharakisha kutoa oksijeni kwenye haidrojeni peroksaidi, na ndiyo iliyomo ndani ya betri za tochi. Lanthanamu nayo ni ya jamii ya metali adimu, jamii ambayo hata kwetu Kenya inapatikana katika udongo wa kilima cha Mrima, Kwale.

KUUNGA KAMA MCHUZI

LaMnO3 safi haina maajabu mengi. Umeme hupita ndani yake kwa shida. Kila ioni ya manganizi ni kama sumaku ndogo yenye mshale. Ikipozwa hadi karibu Kelvini 140, yaani nyuzi 133 chini ya sifuri ya Selsiasi, mishale ya tabaka moja huelekea huku na ya tabaka linalofuata huelekea kule. Zote zinafutana. Ni kama timu mbili zinazovutana kamba zikiwa na nguvu sawa.

Sasa njoo kwenye kuunga. Mama akiunga mchuzi hutia kiungo kidogo, na ladha ya sufuria nzima hubadilika. Wanasayansi huondoa sehemu ya lanthanamu, tuseme theluthi moja, na mahali pake wakatia strontiamu, kalsiamu au bariamu. Lanthanamu ina chaji ya +3, nayo strontiamu ina +2 tu. Pengo hilo lazima lifidiwe na mtu, na anayelifidia ni manganizi: theluthi moja ya manganizi inatoka +3 na kuwa +4, yaani inabaki na elektroni moja pungufu.

Fikiria matatu ambalo kila kiti kina mtu. Hakuna anayeweza kuhama. Viti vichache vikibaki wazi, watu huanza kusogea. Vivyo hivyo elektroni sasa inaweza kuruka kutoka manganizi +3 kwenda kwa jirani yake +4, ikipitia kwa oksijeni iliyo kati yao. Lakini kuna sharti. Elektroni huvuka kwa urahisi ikiwa mishale ya majirani hao wawili imeelekea upande mmoja. Ni kama watu wanaopokezana ndoo za maji: wote wakielekea upande mmoja, kazi inakwenda, mmoja akigeuka, maji yanamwagika. Kwa hivyo katika manganaiti iliyoungwa, usumaku na upitishaji wa umeme vimefungwa pamoja kama chanda na pete.

Walioanza kuliona jambo hili ni G. H. Jonker na J. H. van Santen, waliokuwa katika maabara ya kampuni ya Philips mjini Eindhoven, Uholanzi. Walitangaza matokeo yao mwaka 1950. Mwaka uliofuata, 1951, Clarence Zener wa Marekani akatoa maelezo ya hiyo safari ya elektroni kupitia oksijeni.

Kila mchanganyiko una halijoto yake ya kuacha kuwa sumaku. La0.67Sr0.33MnO3 huacha karibu Kelvini 370, chini kidogo tu ya joto la maji yanayochemka. La0.67Ca0.33MnO3 huacha karibu Kelvini 260, ambayo ni baridi kuliko barafu inayoyeyuka. Karibu na halijoto hiyo mishale hutetemeka kwa sababu ya joto, na elektroni hupata taabu kuvuka. Ukileta sumaku yenye nguvu, mishale inanyooka, na ukinzani wa umeme unashuka. Mwaka 1994 S. Jin na wenzake katika Bell Laboratories, Marekani, walitangaza kwamba utando mwembamba wa lanthanamu, kalsiamu, manganizi na oksijeni ulibadilisha ukinzani wake kama mara elfu moja. Ilikuwa kwenye Kelvini 77, baridi ya nitrojeni ya majimaji, na sumaku ya tesla 6, ambayo ni zaidi ya mara laki moja ya nguvu ya sumaku ya dunia. Dunia ya fizikia ikasimama wima.

Hapo ndipo maswali yalipoanza. Mtu achukue viungo vile vile, fomula ile ile, apike kidonge cha kauri katika tanuri lake, apime, na asipate hata karibu na mara elfu. Je, nani kakosea? Hakuna. Turudi jikoni.

MAPISHI YENYEWE

La kwanza ni la kinu na tanuri. Hili ndilo kongwe na rahisi. Unapima oksidi ya lanthanamu, kaboneti ya strontiamu na oksidi ya manganizi. Unasaga pamoja kwenye kinu kidogo cha jiwe gumu. Unachoma kwenye nyuzi 900 au 1000 za Selsiasi, unasaga tena, unakandamiza iwe kidonge, kisha unachoma tena kwenye nyuzi 1200 hadi 1400 kwa saa nyingi, pengine siku nzima au zaidi.

Mbona moto mkali namna hiyo? Kwa sababu hata ukisaga hadi mkono ukuume, punje moja ya unga huo bado ina upana wa kama elfu moja ya milimita. Fanya hesabu nami: nanomita 1000 kugawa kwa 0.39 ni zaidi ya masanduku 2500. Atomu ya strontiamu iliyo ndani ya punje yake inapaswa kusafiri maelfu ya masanduku ndani ya kitu kigumu hadi ikutane na manganizi. Bila moto mkali na muda mrefu, haifiki. Utabaki na kitu chenye kiungo kingi huku na pungufu kule, kama ugali wenye mabuja.

Tena kuna mtego mizanini. Oksidi ya lanthanamu hunyonya unyevu wa hewa na kugeuka haidroksidi. Ikiwa imegeuka yote na wewe hujui, ukipima gramu 10 utakuwa umeweka kama gramu 8.6 tu za oksidi yenyewe. Fomula uliyoandika daftarini haimo tena ndani ya tanuri! Ndiyo maana wapishi wazuri huichoma kwanza oksidi hiyo ikauke, wakaipima ikiwa bado haijapata nafasi ya kunywa unyevu.

La pili ni la asidi ya ndimu. Naam, ile ile asidi inayofanya ndimu iwe kali. Mwaka 1967 Mmarekani Maggio Pechini alipewa hataza ya njia hii, ingawa yeye alikuwa akishughulika na vitu vya kuhifadhia chaji ya umeme, si manganaiti. Metali zote huyeyushwa majini zikiwa nitrati. Hutiwa asidi ya sitriki, ambayo huzishika ioni za metali moja moja, kisha ethilini glaikoli, ile inayotiwa kwenye rejeta za magari. Ukipasha moto, vyote vinaungana na kuwa uji mzito wa kunata, kisha kitu kama gundi. Ndani ya gundi hiyo lanthanamu, strontiamu na manganizi zimeshikwa karibu karibu, zimechanganyika atomu kwa atomu. Hazina safari ndefu. Ukichoma kwenye nyuzi 600 au 700 tu, perovskaiti imepatikana, nayo ina punje ndogo sana za makumi machache ya nanomita.

La tatu ni la moto wa ghafla. Hapa nitrati huchanganywa na glaisini majini. Maji yakikauka juu ya moto, mchanganyiko unawaka wenyewe, fuu! Glaisini ndiyo kuni, nitrati ndizo zinazotoa oksijeni. Kwa sekunde chache halijoto hupanda kupita nyuzi 1000, kisha unabaki na majivu mepesi kama povu lililokauka. Moto ulikuwa mkali lakini wa muda mfupi, kwa hivyo punje hazikupata nafasi ya kukua. Ukibadilisha kiasi cha glaisini, ukali wa moto hubadilika, na punje nazo hubadilika.

La nne ni la wasiotaka punje kabisa. Wapo wanaoyeyusha ncha ya fimbo ya manganaiti kwa mwanga mkali wa taa na kuipoza polepole mpaka ipatikane fuwele moja nzima. Hapa hatari ni kwamba manganizi hupenda kuruka kama mvuke kwenye joto hilo. Na wapo wanaopiga kidonge kwa leza ili mvuke wake utue juu ya kibao chenye moto na kufanya utando mwembamba, kama masizi yanavyotua juu ya sufuria, ila kwa mpangilio. Ule utando wa mwaka 1994 ulitengenezwa hivyo.

NI NINI HASA KINACHOBADILIKA?

Kwanza ni ukubwa wa punje. Ganda la nje la punje halina raha kama ndani. Atomu za pembezoni zimekosa majirani wa upande mmoja, mishale yake inapepesuka, na usumaku wake ni dhaifu. Chukua punje yenye masanduku 50 kila upande, yaani karibu nanomita 20. Jumla ni masanduku 125,000. Tuseme ganda lina unene wa masanduku mawili tu. Ndani yanabaki 46 kwa 46 kwa 46, yaani 97,336. Yaliyo kwenye ganda ni 27,664, kama asilimia 22! Fanya hesabu hiyo hiyo kwa punje ya masanduku 2500 na ganda halifiki hata asilimia moja. Sasa unaona kwa nini unga wa asidi ya ndimu uliochomwa kwa moto mdogo huwa sumaku dhaifu kuliko kidonge cha tanuri kali, ingawa fomula ni moja.

Tena umeme unapotoka punje moja kwenda nyingine lazima uvuke mpaka. Punje zikiwa ndogo, mipaka ni mingi, na ukinzani unapanda. Jambo hili lilionyeshwa vizuri mwaka 1996 na H. Y. Hwang na wenzake katika Bell Laboratories. Walichukua La2/3Sr1/3MnO3 za aina tatu: fuwele moja nzima, kauri iliyochomwa kwenye nyuzi 1700, na kauri iliyochomwa kwenye nyuzi 1300. Usumaku wa zote tatu ulikaribia kuwa sawa. Lakini ukinzani ulitofautiana sana. Na katika baridi kali, sumaku ndogo tu ilitosha kushusha ukinzani wa zile kauri, huku fuwele nzima ikikaa kimya kana kwamba haijaguswa.

Sababu? Katika kauri kila punje ina mwelekeo wake wa mishale. Elektroni ikifika mpakani inakuta punje ya pili imeelekea kwingine, inakwama. Sumaku ndogo huzigeuza punje zikaelekea upande mmoja, na elektroni ikavuka. Fuwele nzima haina mipaka ya punje, kwa hivyo hakuna cha kufunguliwa. Kile ambacho mpishi wa fuwele angekiita kasoro, yaani mipaka, ndicho kilicholeta faida. Kweli, kibaya kwa huyu ni kizuri kwa yule.

Pili ni oksijeni. Hii ndiyo iliyonishangaza zaidi. LaMnO3 isiyoungwa kabisa inaweza kujiunga yenyewe! Ukiipika hewani kwa moto wa wastani, hunywa oksijeni ya ziada. Kwenye karatasi huandikwa kama LaMnO3.1 au zaidi. Lakini sanduku la perovskaiti limejaa, halina chumba cha mgeni. Kinachotokea ni kwamba masanduku mapya hujengwa kwa oksijeni hiyo, na baadhi ya nafasi za lanthanamu na manganizi zikabaki tupu. Ili chaji zilingane, sehemu ya manganizi inakuwa +4, sawa na kama ulitia strontiamu. Kitu ambacho kilikuwa na mishale inayofutana sasa kinageuka sumaku katika baridi, na hata umbo la sanduku lake hubadilika. Ukikipika kwa moto mkali zaidi, au ndani ya gesi isiyo na oksijeni kama agoni, ile ziada inatoka. Kwa hivyo mtu akikuambia "nimepima LaMnO3", muulize: uliipika kwa nyuzi ngapi, katika hewa gani, na uliipoza vipi? Bila hayo hajakuambia kitu.

Tatu ni usawa wa mchanganyiko. Kinu kikisagwa kivivu, sehemu moja ya kidonge ina strontiamu nyingi na nyingine kidogo. Kila sehemu itaacha usumaku kwa halijoto yake. Badala ya badiliko kali la ghafla, utapata badiliko la kusuasua. Mapishi ya maji, kama ya asidi ya ndimu, hushinda hapa.

Nne ni mvuto wa kibao. Utando mwembamba hukaa juu ya fuwele nyingine, na masanduku yake hujaribu kulingana na ya chini. Sanduku la aluminati ya lanthanamu lina kama nanomita 0.379, dogo kuliko la manganaiti. Utando unabanwa ubavuni na kurefuka kwenda juu, kama mtu aliyevaa viatu vya mdogo wake. Pembe kati ya manganizi na oksijeni hubadilika, na safari ya elektroni nayo hubadilika.

Usidhani mambo haya yanaonekana kwa macho. Unga wa mapishi yote ni mweusi. Hata eksirei, inayoonyesha mpangilio wa atomu, itasema karibu neno moja kwa zote: hii ni perovskaiti. Ila kwa punje ndogo, alama zake hupanuka, na hapo mjuzi husoma ukubwa wa punje.

BASI MAPISHI GANI NI BORA?

Hilo ni sawa na kuuliza kama chapati ni bora kuliko mandazi. Kwanza niambie unataka kula na nini.

Kuna mitambo ya kutoa umeme kutokana na gesi kama haidrojeni bila kuiwasha moto wa kawaida, nayo hufanya kazi kwenye mamia ya nyuzi za joto. Upande wake unaopokea hewa umetumia manganaiti ya lanthanamu na strontiamu kwa miaka mingi. Hapo hutaki kidonge kigumu kama jiwe. Unataka kitu chenye vitundu ili hewa ipite. Ukizidisha moto wakati wa kupika, vitundu vinazibika, na lanthanamu inaungana na zirkonia iliyo jirani yake na kufanya ukuta unaozuia umeme. Mpishi wa hapa lazima ajue kuepua mapema.

Anayetaka kifaa cha kuhisi sumaku ndogo atapenda kauri yenye mipaka mingi. Anayetaka kuelewa sheria za elektroni zenyewe atataka fuwele moja safi. Na wapo watafiti wanaochunguza punje ndogo ndogo za manganaiti kwa ajili ya kuupasha moto uvimbe wa saratani kwa kutumia sumaku inayogeuzwa geuzwa haraka. Wanataka punje zinazoacha usumaku karibu nyuzi 45 za Selsiasi, ili zikifika hapo zijizime zenyewe zisiunguze nyama nzima iliyo karibu. Kiasi cha strontiamu hupanga halijoto hiyo, lakini mapishi huisogeza. Hapo nyuzi chache zikipotea si suala la alama za mtihani. Ni mwili wa mgonjwa.

TUJIFUNZE NINI?

Wahenga walinena, "Ukiona vyaelea, vimeundwa." Mimi nilikuwa nikiisoma methali hii kama habari ya mashua tu. Siku hizi naisoma kama somo la Kemia. Fomula inakuambia kuna nini na kiasi gani. Haikuambii kimeundwaje. Na namna kilivyoundwa imo ndani ya kitu chenyewe, kwenye punje zake, kwenye oksijeni yake, kwenye mipaka yake. Moto uliopita haupotei; umeacha alama.

Kwa hivyo, wenzangu, tuache tabia yetu ya kuijaza sehemu ya utaratibu mwishoni kengele ikikaribia kulia. Tuandike: tulipasha kwa dakika ngapi, tulipoza wapi, tulikoroga au hatukukoroga, unga ulikuwa mkavu au umepata unyevu. Mwenzako akipata matokeo tofauti, usikimbilie kumwita mwongo. Mwombe daftari lake. Mara nyingi ugomvi utaisha hapo, na mtakuwa mmejua jambo ambalo kila mmoja peke yake asingelijua.

Na wewe msomaji wa tungo na hadithi usijione nimekuacha nje. Maneno ya kamusi ni yetu sote, lakini insha zetu hazifanani. Viungo ni vile vile.

Kuhusu wale wenzetu wa meza ya pili, tulipatana. Muhula uliofuata tulirudia jaribio pamoja, bika mbili kando kando, moja dirishani na moja kwenye beseni. Safari hii tuliandika ukurasa mzima wa utaratibu. Fuwele zilitoka kubwa upande mmoja na ndogo upande wa pili kama hapo awali, na hakuna aliyemwita mwenzake mwizi.

Wasalaam.